Historia: Mwenda Jean-Bosco, mpiga gitare aliyefikisha Kiswahili chetu ng'ambo

Wandugu wasomaji wa Masisi na Walikale, leo tunaweka kando kwa muda habari za barabara, bei ya maharagwe na mapigano. Tunazungumza juu ya mtu mmoja na gitare yake. Mkisoma hadi mwisho mtaona kwamba hatukutoka mbali na mambo yetu.

Ilikuwa jioni, kwenye uwanja wenye familia zilizokimbia vita. Kijana mmoja alikuwa akipiga gitare aliyoitengeneza mwenyewe: bidoni ya mafuta, ubao wa shingo, na nyuzi za waya wa breki ya baiskeli. Mzee aliyeketi karibu na moto akainua kichwa, akasema: «Huo ni mkono wa Mwenda.»

Kijana akauliza: «Papa, Mwenda ni nani?»

«Unapiga muziki wa mtu, na hata jina lake hulijui?»

Kijana akajibu kwamba yeye alifundishwa na kaka yake, na kaka yake aliiga kwa mtu mwingine. Mzee hakukasirika. Alisema tu kwamba zamani, alipokuwa akifanya kazi kwenye kambi ya wachimba madini, kila mtu alijua jina hilo, kwa sababu sahani za Mwenda zilikuwa zikipigwa kwenye gramofoni kila siku ya mshahara. Jawabu hilo halikunitosha. Nikaanza kutafuta, na haya ndiyo niliyokusanya.

Mtoto wa Bunkeya

Mwenda Jean-Bosco alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, Katanga, upande wa mji wa Jadotville ambao leo unaitwa Likasi. Bunkeya si kijiji cha kawaida. Katika karne ya 19 ndiko kulikokuwa makao ya Msiri, mfalme wa Bayeke, ambaye utawala wake ulisimama juu ya biashara ya shaba, pembe za ndovu na watumwa. Msiri aliuawa mwezi Desemba 1891 na watu wa msafara wa Stairs, waliotumwa kuichukua Katanga kwa ajili ya Leopold II. Bayeke wenyewe asili yao ni upande wa Unyamwezi, katika nchi ya Tanzania ya leo, na jina Mwenda ni moja ya majina ya wafalme wao. Ndiyo maana baadaye mpiga gitare huyu alijulikana pia kama Mwenda wa Bayeke.

Alipokuwa kijana, Katanga ilikuwa nchi ya kampuni. Union Minière ilichimba shaba na kuleta wafanyakazi kutoka Kasai, Rwanda, Burundi na ng'ambo ya mpaka, katika nchi inayoitwa leo Zambia. Watu hao wote waliokutana kambini walihitaji lugha moja, na lugha hiyo ikawa Kiswahili. Si Kiswahili cha Zanzibar chenye sheria zote. Ni Kiswahili cha kazini, cha sokoni na cha baa, ambacho sisi wa Kivu tunakisikia na kukielewa mara moja. Bosco aliimba pia kwa lugha za kwao, lakini nyimbo nyingi zilizompa jina ziliimbwa kwa Kiswahili hicho.

Masikio yake yalikusanya kila kitu. Kulikuwa na muziki wa asili wa Katanga na wa Zambia. Kulikuwa na sahani za Kuba, kama zile za Trio Matamoros. Kulikuwa na filamu za kauboi, ambazo vijana wa miji ya madini walizipenda sana. Watu wengine hufikiri muziki wa kweli wa Afrika ni ule tu ambao haujaguswa na kitu cha kigeni. Bosco anatuonyesha kinyume: alichukua ala ya kigeni na sauti za kigeni, na kilichotoka mikononi mwake hakikuwa cha Kuba wala cha kauboi.

Jadotville, mwaka 1952

Mwaka 1952 Mwingereza mmoja, Hugh Tracey, alifika Jadotville na mashine zake za kurekodi. Tracey aliishi miaka mingi kusini mwa Afrika, na kazi yake ilikuwa kuzunguka nchi baada ya nchi akinasa sauti za waimbaji. Alikutana na Bosco akipiga gitare barabarani, kijana wa miaka 22 hivi. Akamrekodi.

Kati ya nyimbo zilizotokana na mkutano huo umo «Masanga». Sahani ikatolewa na Gallotone, jina la biashara la kampuni ya Gallo ya Johannesburg. Mwaka huohuo Bosco akapata nafasi ya kwanza katika tuzo ya Osborn, iliyotolewa kwa muziki bora wa Afrika. Kijana aliyekuwa akipiga gitare barabarani akawa anasikika nchi nyingi.

Hapa kuna habari ndogo itakayowafurahisha wapenda muziki. Kampuni hiyo ya Gallo iliuza pia magitare ya bei nafuu yenye jina la Gallotone. Moja ilifika Uingereza, mikononi mwa kijana wa Liverpool aliyeitwa John Lennon. Ni gitare hiyo aliyokuwa nayo tarehe 6 Julai 1957, siku alipokutana na Paul McCartney, kabla dunia haijasikia jina la Beatles. Basi jina lililoandikwa kwenye sahani za Bosco ndilo lililoandikwa kwenye gitare ya Lennon.

Vidole viwili

Kwa nini «Masanga» iliwashangaza hata wapiga gitare wakubwa? Sababu ni kwamba ukiisikiliza bila kuona, unafikiri wanapiga watu wawili.

Bosco alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba na kile cha shahada. Gumba lilishika nyuzi nene, likitembea chini kama miguu ya mtu anayekwenda kazini. Kidole cha shahada kilicheza juu, kikiuliza na kujibu, na mara nyingi hakikuanguka pamoja na gumba bali katikati ya hatua zake. Atakayetaka kuelewa aangalie mpiga likembe wa kwetu: pale pia sauti mbili zinapishana, kila mkono na njia yake, na wimbo unazaliwa katikati. Mkono uliozoea sauti za namna hiyo haukuwa mgeni kwenye gitare.

Vifaa vilikuwa vya watu wa kawaida. Ili kupandisha sauti ya gitare, wapiga gitare wa Katanga walifunga kijiti au kipande cha penseli kwenye shingo yake kwa kamba. Mwenzao angeshika chupa na kuigonga kwa kitu cha chuma, na hiyo ndiyo ilikuwa ngoma.

Muziki huo haukubaki mambo ya baa tu. David Rycroft, mtaalamu wa muziki wa Afrika, aliketi na sahani za Bosco na kuandika nota zake moja baada ya nyingine, akazichapisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 katika jarida la African Music. Ni heshima ambayo hapo awali walipewa zaidi watunzi wa Ulaya.

Nairobi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Bosco alifika Nairobi, akakaa huko kwa muda. Alikuwa na kipindi chake kwenye redio, na jina lake lilitumiwa kutangaza Aspro, kidonge cha kichwa. Edouard Masengo, ndugu yake wa ukoo na mpiga gitare mwenye sauti tamu, alifanya kazi Nairobi pia. Pamoja na Losta Abelo, hao ndio majina makubwa ya gitare kavu ya Katanga, yaani gitare isiyotumia umeme.

Mnaweza kufikiria maana yake. Vijana wa Kenya waliokuwa wakijifunza gitare walimsikia Mkongomani akiimba kwa lugha wanayoielewa, na akipiga kwa namna ambayo hawajaisikia. Watafiti wa muziki wa Kenya wanauona mkono wa Katanga katika kazi za wapiga gitare wengi wa wakati ule, hasa wa upande wa magharibi wa nchi. Nao hawakunakili tu. Waliuchanganya na midundo ya kwao.

Tumezoea kusikia kwamba Kiswahili safi kinatoka pwani kuja kwetu, na kwamba sisi Wakongomani tunakiharibu. Hapa njia iligeuka. Kiswahili chetu kilisafiri kwenda mashariki juu ya nyuzi sita, na watu walilipa pesa kukisikiliza.

Umeme, na jina jipya

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, na siku chache baadaye Katanga ikajitangaza nchi ya peke yake hadi mwanzoni mwa 1963. Wakati huohuo muziki nao ulikuwa umebadilika. Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, ilikuwa na African Jazz na OK Jazz: orkestra zenye gitare za umeme, tarumbeta na waimbaji kadhaa, na rumba yao ilijaza redio kwa Kilingala. Mtu mmoja na gitare kavu alianza kuonekana wa zamani akiwa bado kijana.

Bosco hakuacha muziki, na kuna wakati alikuwa na bendi yake mwenyewe. Lakini sifa hazikumlisha. Alifanya kazi benki huko Likasi, alifanya kazi Gécamines, kampuni ya serikali iliyochukua nafasi ya Union Minière, na alikuwa na hoteli upande wa mpaka wa Zambia. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi Lubumbashi. Nawaomba vijana wanaotaka kuwa wasanii walitazame jambo hili bila aibu. Mtu ambaye nota zake zilisomwa na wataalamu aliamka asubuhi kwenda kazini kama baba yeyote.

Kisha ikaja siasa ya Mobutu ya kurudi kwenye uasilia. Mwaka 1971 Kongo ikaitwa Zaire, Katanga ikaitwa Shaba, na mwaka 1972 majina ya Kikristo yakakatazwa. Jean-Bosco likawekwa kando, likabaki Mwenda wa Bayeke. Wazee wetu wengi wanakumbuka jinsi na wao walivyobadilishiwa majina kwenye vitambulisho.

Mwaka 1969: Newport na Walikale

Mwezi Julai 1969 Bosco alisimama mbele ya watu huko Newport, Marekani, kwenye tamasha kubwa la muziki wa kienyeji. Zilikuwa siku zilezile ambapo wanadamu walifika mwezini kwa mara ya kwanza. Pale ndipo walipokuwa wakipita waimbaji wakubwa wa gitare kavu wa Marekani na Uingereza, wale wanaotunga wenyewe na kujipigia wenyewe. Bosco alikuwa wa ukoo huo. Lugha tu ilikuwa nyingine.

Mwaka huohuo wa 1969 likatokea jambo la pili, nalo linatuhusu sisi moja kwa moja. Huko Kalifornia kikachapishwa kitabu cha hadithi kuu ya Mwindo, ya Wanyanga wa Walikale. Mwaka 1956 Mbeleji mmoja, Daniel Biebuyck, aliketi na Candi Rureke, msimulizi na mwimbaji wa Kinyanga. Rureke alisimulia, akaimba na kucheza kwa siku 12, akiwa na wasaidizi wa kupiga vijiti na kuitikia. Kazi ya kuandika na kutafsiri Biebuyck aliifanya pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Wanyanga mwenyewe. Leo Mwindo anasomwa kwenye vyuo vikuu vya mbali, na jina la Rureke limo ndani ya kitabu.

Nimewaweka wawili hao bega kwa bega kwa sababu moja. Rureke alihitaji siku 12. Bosco alipewa dakika tatu hivi, kwa sababu upande mmoja wa sahani za zamani, zile zilizozunguka mara 78 kwa dakika, haukubeba zaidi ya hapo. Mmoja alikuwa mtu wa msitu na mila, mwingine mtu wa mji na mshahara. Lakini wote wawili tunawajua leo kwa sababu mtu alifika, akasikiliza, akaweka kazi yao mahali pa salama, na akaandika jina.

Wangapi walikuwa wakipiga gitare barabarani Jadotville mwaka ule wa 1952? Wangapi walijua hadithi ya Mwindo mwaka ule wa 1956? Wengi. Hao wengine wako wapi? Hawakuwa lazima wabaya kuliko Bosco na Rureke. Hakuna aliyewaandika, basi.

Tracey mwenyewe, mwaka 1952, alifika pia upande wa msitu wa Ituri na kurekodi, miongoni mwa wengine, Wanande wa jimbo letu. Kazi zake zimehifadhiwa kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954, ambayo leo iko katika Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Mtoto wa Kivu ya Kaskazini anayetaka kusikia sauti za babu zake wa miaka ile inambidi aziulizie huko.

Mwisho wa safari

Bosco hakusahauliwa kabisa. Mwaka 1979 John Low, mpiga gitare Mwingereza, alisafiri hadi Shaba kuwatafuta wazee wa gitare ya miaka ya 1950. Alimpata Bosco, akajifunza kwake, na mwaka 1982 yakachapishwa maandishi ya safari hiyo. Mwaka huo wa 1982 Bosco alipiga Ujerumani, na mtaalamu Gerhard Kubik alimrekodi na kumpiga picha za filamu, akionyesha vidole vyake vilivyokuwa vikifanya kazi. Mwaka 1988 akaingia studio huko Cape Town, akarekodi nyimbo zake upya.

Miaka miwili baadaye, mwezi Septemba 1990, Mwenda wa Bayeke alifariki katika ajali ya gari nchini Zambia. Alikuwa na miaka 60. Sahani zake za kwanza zimetolewa tena, na leo ukitafuta jina lake kwenye simu utamsikia. «Masanga» inafundishwa Ulaya na Marekani na watu ambao hawajui neno moja la Kiswahili.

Na sisi?

Tarafa zetu mbili zina historia yao ya gitare. Wazee wetu walifanya kazi kwenye mashamba makubwa ya Masisi na migodi ya Walikale na Maniema, na siku ya mshahara kulikuwa na muziki. Wengi wao leo ni wakimbizi ndani ya nchi yao. Mtu anapokimbia usiku, anabeba mtoto, anabeba sufuria, anabeba godoro kama nguvu zinatosha. Gitare inabaki nyumbani. Mzee anapofariki kambini, anazikwa na nyimbo zake.

Zamani ilibidi kungoja Mzungu aje na gari lenye mashine. Leo mashine iko mfukoni. Simu ndogo inatosha kurekodi bibi anayeimba wimbo wa kulaza mtoto kwa Kihunde, mzee anayesimulia kwa Kinyanga, mchungaji wa ng'ombe anayeimba kwa Kinyarwanda, Mtembo na likembe yake. Lakini fanyeni kwa utaratibu. Kwanza, muombeni ruhusa mwenyewe. Pili, kabla hajaanza, aseme kwa sauti yake jina, kijiji, tarehe, na aliyemfundisha. Tatu, tumeni nakala kwa watu wawili au watatu walio mahali tofauti, kwa sababu simu inaibwa na nyumba inachomwa. Nne, kama kuna pesa itakayopatikana, ni ya mwimbaji.

Nasisitiza hilo la pili kwa sababu ya kosa langu. Jioni ile, baada ya maneno yao, yule mzee alimwomba kijana ile gitare ya bidoni. Alikaza waya mmoja, akalegeza mwingine, akapiga. Vidole vyake vilikuwa vigumu, lakini gumba lilitembea. Nilimrekodi kwa simu hadi moto ya betri ikaisha. Hakupiga wimbo wa Mwenda. Ulikuwa wimbo wake mwenyewe, unaomtaja mwenzake wa kazini aliyekufa ndani ya shimo la madini. Nikamwambia nitarudi kuandika jina lake vizuri, na jina la mwenzake.

Nilirudi baada ya siku kumi. Familia zile zilikuwa zimekwisha kuhama tena, na majirani wapya hawakuwajua.

Sauti ninayo, na bado iko safi. Jina sina. Kama kati ya wasomaji kuna anayemjua mzee mrefu, aliyefanya kazi ya madini, mwenye kovu kwenye mkono wa kushoto na anayepiga gitare kwa vidole viwili, amwambie kwamba mwandishi wenu bado anamtafuta.